Besi yangu ya kujifunzia inakwaruza "zzzz", nimebadilisha nyuzi lakini wapi. Tatizo ni nini?

Besi Changa #1
Wakuu habari za jioni. Nina gitaa la besi la nyuzi nne (E, A, D na G, kutoka nene kwenda nyembamba), la kujifunzia, mwezi wa nne huu tangu niishike. Kwa wiki tatu sasa inatoa kelele ya "zzzz" kama nzi aliyenaswa kwenye chupa, na sehemu zenyewe ni tatu: uzi wa E kuanzia freti (vile vyuma vinavyokatisha shingo) ya 1 hadi ya 5, uzi wa A ukipigwa mtupu bila kubonyeza chochote, na uzi wa D freti ya 7 peke yake. Kwenye D hiyohiyo, freti ya 6 na ya 8 ziko safi kabisa.

Nilidhani nyuzi zimezeeka, nikabadilisha zote. Zilikuwa za unene wa 45 hadi 105 (kwa elfu za inchi), nikaweka 40 hadi 95 maana niliambiwa ni laini kwa vidole vya anayeanza. E ikazidi kukwaruza. Hamu ya mazoezi inaniisha, kila nikipiga naisikia zzz tu, muziki wenyewe siusikii. Naanzia wapi? Sijawahi kugusa skrubu yoyote ya gitaa.

Nguzo ya Bendi #2
Kaza trasirodi. Ni kile chuma kilichopita ndani ya shingo, mdomo wake uko kichwani mwa gitaa au kule shingo inapoungana na mwili. Chukua alenki, zungusha kufuata mshale wa saa mpaka kelele ikome. Yangu niliitibu hivyo, dakika tano.

Fundi Mbao #3
Besi Changa, nakuomba usifanye alivyosema #2 hata kama alenki iko mkononi.

Nguzo, ukikaza trasirodi unainyoosha shingo, na freti zinasogea karibu na nyuzi. Huyu analalamikia freti ya 1 hadi ya 5. Kelele ya eneo hilo mara nyingi inasema shingo imeshanyooka kupita kiasi, au imeanza kupinda kurudi nyuma. Akikaza anazidisha ugonjwa. Na hiyo "mpaka kelele ikome" ndiyo inayokata rodi za watu. Kwake, kama kosa ni la shingo, dawa ni kulegeza, robo mzunguko tu, halafu unaiacha itulie.

Nyuzi nne za besi huivuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70. Rodi kazi yake ni kuvuta upande wa pili. Ukifunga nyuzi nyembamba, mvuto wa mbele unapungua huku rodi ikibaki na nguvu ileile, shingo inarudi nyuma. Ndiyo maana E ilizidi baada ya wewe kubadilisha.

Nguzo ya Bendi #4
Nimekuelewa fundi, lakini yangu ilipona kwa kukaza, sidanganyi.

Fundi Mbao #5
Yako ilikuwa inakwaruza wapi?

Nguzo ya Bendi #6
Huko juu, kuanzia ya 12 kwenda mbele. Na nyuzi zilikuwa zimenyanyuka sana katikati.

Fundi Mbao #7
Basi ulikuwa na ugonjwa wa pili kabisa. Shingo yako ilibonyea mno, ulipokaza ikarudi sawa. Dawa yako ni nzuri kwa mgonjwa wako, kwa huyu ni sumu.

mkono_laini #8
Kabla hamjamfungulia mtoto wa watu gitaa, mwulizeni kidole anakiweka wapi. Miezi minne ya kwanza nusu ya kelele zinatoka mkononi. Kidole kikae nyuma ya freti, karibu kabisa na chuma. Kikikaa katikati ya freti mbili, lazima ubonyeze kwa nguvu sana uzi ukae imara, na ukilegea tu kidogo unapata zzz. Freti za mwanzo za besi ziko mbali mbali, ndiyo hapo wanaoanza wanaposhindwa kufika. Freti ya 1 hadi ya 5 kwenye E! Hata sihitaji kuiona.

Na mkono wa kulia: uzi usiusukume kuelekea mwilini mwa gitaa. Vuta kidole kikatulie kwenye uzi jirani, uzi ucheze kulia na kushoto, usicheze juu na chini.

Besi Changa #9
Asante dada mkono_laini. Nimejaribu sasa hivi. Ya 1 na ya 2 zimepungua, kweli kidole kilikuwa kinakaa mbali. Ya 3, ya 4 na ya 5 bado. Nikipiga kwa upole inapungua, nikipiga kama ninavyopiga kwenye mazoezi ya bendi inarudi.

Nyuzi Nne #10
Swali ambalo lingetangulia: hiyo kelele inasikika kwenye ampu, au unaisikia tu ukiwa umeinamia gitaa chumbani? Besi nyingi zinakwaruza kidogo zikiwa kavu, ukichomeka hakuna kitu. Kama haitoki kwenye spika, piga besi yako uendelee na maisha.

Besi Changa #11
Za E zinatoka kwenye ampu, zinaifanya sauti iwe na mchanga. Ya A siisikii kwenye ampu, naisikia kwa sikio tu, kama kitu cha bati. Ya D inatoka kwa mbali.

Sikio la Tatu #12
Subirini. Rudini #1 msome tena hizo sehemu tatu, kuna jambo mmelipita.

A mtupu ni noti ya A. E freti ya 5 ni A. D freti ya 7 ni A. Zote tatu ni noti moja! A mtupu na E ya 5 zinatetemeka mara 55 kwa sekunde, D ya 7 inatetemeka mara 110, oktava yake ya juu. Huo mimi siuoni kama ugonjwa wa freti. Kuna kitu kimelegea kwenye hiyo besi, na kila A inapopigwa kinaamka na kutetemeka nayo. Bati alilolisikia ndilo hilo.

Besi Changa, piga G freti ya 2. Hiyo nayo ni A ya 110. Kama inaamsha bati lilelile, acha shingo, tafuta skrubu.

mama_ridhimu #13
Hapo kwa #12 nimesimama nikapiga makofi.

Fundi Mbao #14
Sikio, uchunguzi mzuri sana, ila E freti ya 1, 2, 3 na 4 ni F, F kali, G na G kali. Hizo si A. Zinaamshwa na nini?

Sikio la Tatu #15
Magonjwa mawili kwa wakati mmoja, fundi. Mtu anaweza kuwa na mafua na jino bovu.

Besi Changa #16
Wakuu, nimepiga G freti ya 2. LIPO. Dogo, lakini lipo. Nimerudia mara kumi nisije nikajidanganya. Nikipiga ya 1 au ya 3 halipo.

Nyuzi Nne #17
Sasa kazi ni kulikamata. Mwombe mtu apige hiyo A mfululizo, wewe ukipitisha vidole na kugandamiza kitu kimoja kimoja: vikazio vya nyuzi kule kichwani na nati zinazovizunguka, kile kibati kinachoshikilia D na G chini kama unacho, skrubu za plastiki ya mbele, vifundo vya sauti, springi ndogo za sadeli (vile vibati vinavyobeba nyuzi) kwenye daraja, kifuniko cha betri kama besi yako inatumia betri. Ukigusa kitu kelele ikakatika, umeshampata mwizi. Mimi wangu alikuwa springi ya sadeli, ilikuwa haina kazi yoyote ila kulia. Niliivuta kidogo irefuke ikabana, mpaka leo kimya.

Mzee wa Kinanda #18
Ongezeni na vitu vya chumbani. Mimi nimewahi kufungua gitaa la mtu nusu saa nzima kumbe kinacholia ni glasi ya dirisha. Besi inatikisa nyumba. Ahamie chumba kingine apige A ileile.

Freti Sifuri #19
Hizo A tatu zimewapendeza, lakini D ya 7 msiiunganishe haraka namna hiyo. Amesema ya 6 safi na ya 8 safi. Hiyo ni picha ya freti ya 8 iliyonyanyuka. Ukibonyeza ya 7, chuma kinachofuata mbele ya uzi ni cha 8, unagonga. Ukibonyeza ya 6, cha 8 kiko mbali kidogo, uzi unapita. Ukibonyeza ya 8 yenyewe umekalia kilichonyanyuka, hakigusi kitu. Tena amesema D inatoka kwenye ampu. Bati lililolegea kule kichwani halitoki kwenye ampu namna hiyo, pikapu (ile sumaku iliyo chini ya nyuzi) inasikia uzi.

Pima hivi: chukua kadi ngumu ya plastiki, ile ya benki, simamisha ukingo wake mrefu uegemee freti ya 7, 8 na 9 kwa pamoja, sambamba na uzi wa D. Itikise. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, ya 8 iko juu kuliko wenzake. Pitia freti zote hivyo kuanzia ya 1.

Nyuzi Nne #20
Sahihisho dogo kwa #19. Kwenye besi ya kawaida ya inchi 34 kadi haifiki freti ya 1 hadi ya 3. Umbali huo ni karibu milimita 89, na kadi ina 85 na nusu, halafu kona zake zimeviringwa. Kwa 7, 8 na 9 inatosha, ni milimita 63 hivi. Kuanzia ya 12 geuza utumie upande mfupi, maana ule mrefu utashika freti nne na utakudanganya.

Freti Sifuri #21
Nimekubali, nilikuwa nazungumza kwa mazoea ya gitaa la kawaida. Za mwanzo atumie rula fupi ya chuma iliyonyooka.

Kimya Kimya #22
Samahani nadandia. Yangu inavuma "mmmm" muda wote ikiwa imechomekwa, hata sijapiga. Nikishika nyuzi inakoma. Nayo ni freti?

Sikio la Tatu #23
Hapana kaka, huo ni umeme. Kelele ikikoma ukishika nyuzi, kwa kawaida pikapu na nyaya zinaokota mvumo wa umeme hewani na mwili wako unausaidia kuutuliza. Ikizidi kuwa kubwa, angalia waya wa ardhi unaotoka kwenye daraja kwenda kwenye vifundo, ngao ya ndani, na kebo yenyewe. Fungua mada yako, nitakuja huko.

mama_ridhimu #24
Hakuna aliyegusa nati bado? Nasema ile ya kichwani yenye mifereji minne nyuzi zinapopita kabla ya freti ya 1, si nati ya bolti. A mtupu ikikwaruza na ukibonyeza freti yoyote inatulia, mfereji wa A umechimbika, uzi umekaa chini mno na unaipiga freti ya 1. Bonyeza A kwenye freti ya 3, chungulia juu ya freti ya 1. Lazima ubaki upenyo mdogo, unaotosha karatasi. Kama uzi umelala kwenye chuma, mfereji umekwisha.

Njia ya haraka: pitisha kipande chembamba cha karatasi chini ya uzi ndani ya mfereji, tyuni, piga. Ikitulia, umepata jibu.

Besi Changa #25
Upenyo upo, mwembamba kama unywele. Nimeweka karatasi, kelele ya bati iko palepale.

mama_ridhimu #26
Karatasi ya daftari? Ni laini, inabonyea ikishapata mzigo wa uzi. Ikunje mara mbili. Mimi bado sijaiondolea hatia nati.

Sikio la Tatu #27
Mama, G freti ya 2 haigusi nati hata kidogo, na bati linalia. Nati ingelijuaje?

mama_ridhimu #28
Uzi wa A uko hapo hapo mtupu, baba. G ikitoa A ya 110, uzi wa A nao unaanza kutetemeka wenyewe bila kuguswa. Ukitetemeka kwenye mfereji mbovu unalia. Aufunike uzi wa A kwa kiganja halafu apige G ya 2.

Fundi Mbao #29
Hoja nzito hiyo, ijaribiwe.

Nikirudi kwenye shingo, maana hiyo ndiyo ninayoiamini kwa E. Besi Changa, pima kibonde chake, yaani ule mbonyeo mdogo wa shingo katikati. Tyuni kwanza, shika gitaa kama unavyolipiga, usililaze. Bonyeza uzi wa E freti ya 1 kwa kidole, au weka kapo (kibanio cha shingo), na kwa mkono wa pili bonyeza freti ya mwisho. Sasa uzi ni rula yako. Tazama freti ya 7 au ya 8: kati ya chuma na tumbo la uzi panatakiwa nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4. Huna kipimo? Tafuta uzi wa gitaa la kawaida, ile B ya 13, unene wake ni milimita 0.33. Ipitishe hapo katikati. Ikipita bila kuusukuma uzi wa E, uko vizuri. Ikigoma kuingia, au ukiona uzi wa E umelala juu ya freti, shingo imenyooka mno.

Besi Changa #30
Kaka yangu anapiga gitaa la solo, nimempora kipande cha B alichokitupa. Haiingii. E imelala kabisa kwenye freti ya 7, nikigonga kwa kidole hapo katikati haisogei wala haitoi ule mlio wa "tk" uliopo kwenye video.

Fundi Mbao #31
Tayari. Shingo yako imenyooka au imeinama nyuma. Legeza, kinyume cha mshale wa saa, robo mzunguko, halafu tyuni upya na upime tena. Hakikisha alenki imeingia mpaka mwisho na saizi ni yake, ikicheza cheza utakula mdomo wa rodi na hapo ndipo huzuni inapoanzia. Ikiwa ngumu kama jiwe, usishindane nayo.

Freti Sifuri #32
Au arudishe nyuzi za 45 hadi 105 asiguse rodi kabisa! Kelele imezidi baada ya nyuzi kubadilika, rudisha mvuto shingo irudi. Tena uzi mzito hauchezi sana.

Fundi Mbao #33
Lakini ilianza kabla ya kubadilisha, soma #1. Hali ya hewa ilibadilika, mbao ikasogea. Nyuzi nyembamba zimekuja kuongeza tu. Na anayeanza ana haki ya nyuzi laini, rodi imewekwa ili irekebishwe.

Mzee wa Kinanda #34
Mbao inakunywa unyevu na kuutoa. Magitaa hayalali sawa misimu yote. Mtu akijua hilo mapema, hashtuki.

Nguzo ya Bendi #35
Mbona hamsemi kupandisha sadeli? Skrubu mbili ndogo kila uzi kule darajani, zungusha nusu, uzi unapanda, kelele imekwisha. Inakuwaje mnampeleka kwenye rodi?

Nyuzi Nne #36
Kwa sababu ukipandisha sadeli, uzi unapanda zaidi kule juu kuliko freti ya 1 hadi ya 5. Ili apate nafuu freti ya 3 itabidi anyanyue mpaka freti ya 12 iwe mlima. Utaratibu ni shingo kwanza, kimo cha nyuzi juu ya freti baadaye, na mwisho kabisa unasogeza sadeli mbele au nyuma ili noti za juu zisipotoke. Kimo cha kuanzia: kampuni ya magitaa ya Fender wanapima kwenye freti ya 17, karibu milimita 2.4 upande wa E na 2 upande wa G. Ukipimia freti ya 12, namba hizo zinashuka kidogo.

Nguzo ya Bendi #37
Nilikuwa napimia ya 12 siku zote nikiifuata hiyo 2.4. Nimejifunza kitu leo.

mkono_laini #38
Ni kimo cha mtu, si cha kiwanda. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown, alipiga nyuzi bapa (zilizozungushiwa utepe laini) nzito zilizokaa juu sana, tena kwa kidole kimoja cha shahada, na alikuwa habadilishi nyuzi mpaka ikatike. Hazikumkwaruza. Ila mkono wa kushoto ulikuwa unalipa gharama. Mwanafunzi akipewa kimo cha Jamerson ataacha besi wiki ya pili.

Kimya Kimya #39
Nyuzi bapa zinaondoa zzz?

mkono_laini #40
Zinaificha. Hazina meno ya kukwaruzia, na milio ya juu ni michache, kwa hiyo ikigonga freti husikii vile vyuma. Na nyingi ni ngumu zaidi, zinavuta shingo zaidi. Lakini freti iliyonyanyuka inabaki imenyanyuka.

Freti Sifuri #41
Na kuna wanaoitafuta zzz kwa makusudi. Besi isiyo na freti, ule mlio wa "mwaaa" wa mpiga besi Jaco Pastorius, ni uzi unaolamba ubao kwa urefu. Aliupaka ubao wake epoksi ukawa mgumu, mlio ukawa mrefu zaidi. Freti ziliwekwa kwenye besi ya Fender ya mwaka 1951 ili noti ikae mahali pake bila kukosea, na ndiyo maana ikaitwa Precision. Tulipata usahihi, tukapata na chuma ishirini za kugonga.

Sikio la Tatu #42
Turudi kwa mgonjwa jamani, tumeshafika Marekani.

Besi Changa #43
Wakuu nimerudi. Jana usiku nilikaa na besi saa tatu nzima. Nililegeza rodi robo mzunguko, ilitoa mlio wa "kriik" nikashikwa na jasho, lakini ilizunguka vizuri. Kisha nikapitisha vidole kichwani kama alivyosema Nyuzi Nne, nikakuta nati ya mduara inayoshika kikazio cha D inazunguka kwa kidole tu, imelegea kabisa. Nikaikaza kwa spana taratibu. Nikapandisha sadeli ya E nusu mzunguko, skrubu zote mbili. Nikatyuni.

E freti ya 1 hadi ya 4 safi! Ya 5 safi nikipiga kawaida. Bati la A LIMEKUFA. Kipande cha B sasa kinapita freti ya 7 kikiugusa E kidogo tu. Nilipiga mpaka usiku wa manane, nikagongewa ukuta.

D freti ya 7 bado.

Sikio la Tatu #44
Nati ya kikazio! Nilisema ni kitu kilicholegea.

Fundi Mbao #45
Hongera sana mdogo wangu. Ila Sikio, usishangilie peke yako. Shingo inapokuwa nyuma namna ile uzi wa A mtupu nao unaweza kulamba freti za mwanzo. Na kulegeza rodi kumempa A nafasi. Bati limekufa kwa lipi kati ya hayo?

mama_ridhimu #46
Au kwa nati yangu, maana shingo ikiinama mbele pembe ya uzi kwenye mfereji inabadilika. Ulifanya ile ya kufunika A kwa kiganja ukapiga G ya 2?

Besi Changa #47
Mama nisamehe, niliisahau. Nilifanya yote matatu kwa mkupuo, sasa sijui lipi limetibu.

Nyuzi Nne #48
Siku nyingine kitu kimoja, unapiga, unaandika, unakwenda kingine. Ukitaka kujua, ilegeze tena ile nati ya kikazio usikie.

Besi Changa #49
Kaka, hiyo siilegezi ng'o.

mama_ridhimu #50
Muacheni alale.

Freti Sifuri #51
Tumalize D ya 7. Bati limekufa na D ya 7 bado inalia, kwa hiyo ile hesabu ya A zote tatu imebaki na mbili. Kadi umeitikisa?

Besi Changa #52
Nimeitikisa leo asubuhi. Kwenye 7, 8 na 9 chini ya D inacheza kidogo sana, naisikia "tik tik" kuliko ninavyoiona. Chini ya E na A haichezi.

Freti Sifuri #53
Paka kilele cha freti hizo tatu wino wa kalamu nene, upitishe ukingo wa kadi mbele na nyuma mara chache. Panapofutika ndipo palipo juu. Halafu gonga freti ya 8 kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, pole pole. Freti iliyokaa vizuri inatoa mlio mkavu, iliyonyanyuka kwenye mfereji wake inalia kama kitu chenye uwazi ndani. Kama imenyanyuka inarudishwa kwa kugongwa, si kwa kusuguliwa, na hiyo mpe mwenye uzoefu.

mkono_laini #54
Mimi bado nauliza anapiga kwa nguvu kiasi gani. D ya 7 ikipigwa kwa upole inalia?

Besi Changa #55
Kwa upole hailii dada.

mkono_laini #56
Unaona.

Freti Sifuri #57
Lakini ya 6 na ya 8 akipiga kwa nguvu ileile hazilii. Mkono ni mmoja.

Kimya Kimya #58
Pikapu je? Nimesoma kuwa sumaku ikikaa karibu sana inauvuta uzi.

Nyuzi Nne #59
Kweli inauvuta, na dalili yake ni noti kuyumbayumba kama zimepigwa mbili, zaidi kwenye uzi mnene na freti za juu. Noti moja ya D haifanani na hilo. Lakini kuishusha pikapu kwa mizunguko miwili ni bure na hakuharibu kitu, ajaribu.

Besi Changa #60
Nimeshusha pikapu, D ya 7 ni ileile. Nimepaka wino. Umefutika freti ya 8 chini ya D, na ya 9 nayo umefutika kidogo upande wa G. Nimegonga ya 8, sauti yake naiona sawa na ya 7, au sikio langu halijazoea.

Freti Sifuri #61
Ya 8. Nimesema tangu #19.

Fundi Mbao #62
Ya 9 kufutika kunanipa shaka. Umelegeza rodi juzi, mbao inaweza kuchukua siku kadhaa kutulia. Usimpeleke mtu kusugua freti kwenye shingo ambayo bado inatembea. Mpe wiki, tyuni kila siku, upime kibonde tena, kisha kadi tena kwenye freti zilezile.

Freti Sifuri #63
Wiki sawa. Kadi itacheza hata baada ya mwezi.

Besi Changa #64
Nitapima Jumamosi ijayo, kitu kimoja kimoja, na kuandika kwenye daftari. Kwa sasa naipiga D ya 7 kwa kuihamisha, A hiyohiyo naichukua kwenye G freti ya 2. Wimbo unakwenda. Asanteni wote.